Kunguru wa Kariakoo na Wageni wa Msimbazi

Jumamosi moja ya Januari, baada ya swala ya adhuhuri, niliazima darubini ya jirani nikaenda kutazama ndege. Bibi mmoja muuza ndizi wa Mtaa wa Mkunguni alinicheka. "Mwanangu, ndege si hawa hapa?" akaninyooshea paa la duka, ambako kunguru walikuwa wamejipanga wakingoja mabaki.

Hakukosea, lakini ndege hao wana historia yao. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa pwani yetu. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, zama za himaya ya Waingereza, ili ale takataka za mji. Alionekana ufagio wa bure. Lakini wahenga walikwishasema, kunguru hafugiki. Alifika hadi Dar es Salaam, akala mayai na makinda ya ndege wadogo, na kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe akakimbia mji.

Hata jina la Kariakoo lina kisa cha aina hiyo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, hapa ndipo walipoweka kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, na ndimi zetu zikalitamka Kariakoo. Wapagazi wale walibebeshwa mizigo ya vita isiyo yao, na wengi hawakurudi makwao. Hesabu ya mtawala ilikuwa ile ile: kazi ifanyike kwa gharama ndogo, deni alipe mwingine.

Nilipanda daladala hadi Daraja la Selander. Hapo ndipo Mto Msimbazi, ule unaopita Jangwani chini tu ya Kariakoo, unapoingia baharini. Maji yalikuwa yamekupwa. Juu ya matope niliwaona yangeyange, sululu wenye midomo iliyopinda na vitwitwi wakikimbia kwa makundi. Kando yao alisimama ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyo huchimba shimo mchangani akataga humo, katika pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika, kisha huja kwetu. Vitwitwi wengine hutoka Siberia.

Hao hawakuletwa na mtu. Wanafuata minyoo na kaa waliomo katika matope yale. Lakini mto huo huo huwateremshia chupa na uchafu wa mji mzima, na nyuma ya uchafu nilimwona nani? Kunguru.

Bonde hili tuliliita Jangwani, kana kwamba halina kitu. Sasa upo mradi wa kuliendeleza. Ombi langu kwa wapangaji ni kwamba matope na mikoko ya mdomo wa mto ihesabiwe kuwa mali. Nasi wa Kariakoo tuache kuutupia mto taka zetu. Hiyo ni hesabu ya yule mtawala, na deni lake tunalilipa hadi leo.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.