GOBORE LA BABU NA SHAMBA LA BIBI (Sehemu ya 4)

Leo tunaongelea gobore. Hapa Kurui na vijiji vingine vya Kisarawe, ukitaja nguruwe pori tu lazima mtu atataja na gobore. Wengi tunaliona ni chuma chakavu cha babu. Ila lina historia, na ukiijua utaelewa kwa nini halifai kukaa nyuma ya mlango.

Kwanza, linavyofanya kazi. Gobore ni bunduki ya kushindilia, ya risasi moja. Unamimina baruti kwa mbele, kwenye mdomo wa mtutu, unaweka tambara, kisha marisau au vipande vya chuma, unashindilia kwa mdeki. Mwisho unaweka fataki. Ukipiga, unaanza upya. Likishashindiliwa, kulitoa mzigo bila kulipiga ni kazi. Ndo maana mwindaji aliyekosa nguruwe hulirudisha nyumbani likiwa limejaa. Kumbuka hapo, tutarudi.

Lilifikaje? Kwa biashara ya Zanzibar. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza kule Unguja alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinavuka kwenda bara kila mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu, zilizoachwa na majeshi ya Ulaya. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya wakakubaliana Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe Afrika, lakini gumegume, zile za zamani za jiwe la kiberiti, wakaziacha zipite. Yaani mababu zetu hawakung'ang'ania za kizamani kwa kupenda. Ndizo walizoachiwa.

Na hapa ndipo bibi zetu wanapoingia. Kwa Mzaramo bunduki haikuwa ya vita tu, ililinda chakula. Wajerumani walipotawala wakabana uwindaji. Kuanzia 1902 wakalazimisha watu kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, na wanaume wengine wakaenda kufanya kazi za ujira mbali na kwao. Nguruwe hajui amri ya serikali. Akaingia kwenye mihogo na mpunga, na waliobaki kukesha shambani wakawa wanawake na watoto.

Julai 1905 Majimaji ikaanza kule Umatumbi, na muda mfupi baadaye ikafika Uzaramo. Watu waliingia vitani na mikuki na magobore, wakiamini dawa ya maji itageuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Askari wa Kijerumani nao walikuwa na bunduki ya risasi moja, Mauser ya 1871, lakini risasi yake iliingizwa kwa nyuma, haraka, na nyuma yao kulikuwa na bombomu. Kibasila, jumbe wa Kisangire hapa hapa Kisarawe, alinyongwa. Ndiye yule ambaye shule ya Kibasila ya Dar es Salaam inabeba jina lake. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Kwa hiyo tusilidharau gobore. Lililinda sufuria ya bibi. Lakini kazi hiyo haifanywi na mtoto wa miaka sita aliyelikuta uvunguni.

Mama, shika haya:

1. Kila gobore lihesabu kuwa limejaa, hata kama babu anaapa halina kitu. Nimeshaeleza kwa nini.

2. Baruti na fataki zisikae jikoni wala ndani ya nyumba ya makuti. Mtoto ataona ni mchanga wa kuchezea, na cheche moja ya mkaa inatosha.

3. Lililotengenezwa kienyeji kwa bomba la maji linaweza kupasuka mkononi. Likipasuka, macho na vidole ndo vya kwanza kuumia.

4. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kila silaha iwe na leseni, gobore nalo limo. Kama mzee amefariki, usilibebe wewe. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi, waje walichukue.

Na likitokea la kutokea: bana jeraha kwa kitambaa safi, bana kweli kweli, usiachie kila dakika kuchungulia. Usichokoe marisau. Usiweke majivu wala kahawa. Palipoungua, mwagia maji safi ya kawaida kwa dakika 20, dawa ya meno tuiache mswakini. Kimbia kituo cha afya, na useme wazi kuwa ni gobore. Hatuulizi ili tukushtaki. Jeraha la namna hii hubeba vitambaa, kutu na uchafu ndani, na mgonjwa anahitaji kinga ya pepopunda mapema.

Leo jioni muulize babu mambo mawili: gobore lilitoka wapi, na sasa hivi liko wapi. La kwanza ni hadithi ya wajukuu. La pili usilale hujapata jibu.

Mtumie na shoga yako aliyeko kijijini. Sehemu ya 5 inakuja.