Tiba mtandao wakati wa dharura: mama na mlezi mjue nini?

Ukimfikisha mgonjwa katika hospitali ya kijijini, unaweza kumkuta daktari mmoja tu wa zamu. Ukimwona anapiga simu ya video au anatuma picha ya eksirei, usidhani anakupotezea muda. Anamuuliza daktari bingwa aliye hospitali kubwa. Hiyo ndiyo tiba mtandao.

Inasaidiaje?

Bingwa huangalia picha na majibu ya vipimo, kisha humshauri mwenzake: dawa ipi itolewe, mgonjwa atibiwe hapo au apewe rufaa. Lakini simu haiongezi damu wala haifanyi upasuaji. Ukiambiwa rufaa, kubali mapema. Unaweza pia kuuliza picha zinatumwa kwa nani.

Ukiwa bado nyumbani

Tanzania ina mfumo wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Piga 115, ni bure. Mhudumu atauliza dalili, atachagua kituo kinachofaa na kutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Nauli hudaiwi wewe.

Usisubiri kukuche ukiona:

- Mjamzito: anatokwa damu, kichwa kinauma sana, anaona ukungu, amepata degedege, au chupa imepasuka kabla ya uchungu.
- Aliyejifungua: damu nyingi, homa, kuzimia.
- Mtoto mchanga: hanyonyi, anapumua kwa shida, ana degedege, mwili ni wa baridi au joto limefika 37.5 na kuendelea.

Mweleze mhudumu:

- Kijiji, kitongoji na alama ya karibu kama shule au kisima.
- Umri wa mimba au wa mtoto.
- Dalili zilianza saa ngapi.
- Dawa zote alizotumia, hata za kienyeji. Usifiche, hakuna atakayekugombeza, na dawa nyingine hazipatani.

Wakati gari linakuja

Mwenye degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Mtoto mchanga mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike. Andaa kadi ya kliniki na mtu wa kuongozana naye. Simu iwe wazi na yenye chaji.

Namba 115 iandike leo ukutani, ili hata bibi au dada wa nyumbani aweze kupiga.