Tawi na Uzi: Kutoka Magome ya Mweru hadi Chandarua

Wavu wa zamani na ugali wa muhogo, pale Puta, Zambia, ufukweni mwa Ziwa Mweru, vimejengwa kwa glukosi. Nyuzi za magome walizosokota wavuvi kabla ya nailoni ni selulosi, mnyororo usio na matawi. Wanga wa muhogo, takriban sehemu nne kwa tano, ni amilopektini, yenye matawi tele. Wavu ulivuta samaki. Wanga huvimba katika maji ya moto na kunata vidoleni.

Hapo wengi wangehitimisha kwamba wazee waliijua kemia. Mimi sikubali. Selulosi na wanga hutofautiana pia kwa namna glukosi zinavyoshikana, kwa hiyo hatuwezi kujua tawi peke yake limefanya nini. Ushahidi safi zaidi uko kwenye plastiki iitwayo polithini.

Mwaka 1933 Fawcett na Gibson wa kampuni ya kemikali ya ICI, Uingereza, waliipata kwa bahati walipoibana gesi ya ethilini kwa shinikizo kubwa. Ilijaa matawi. Mwaka 1953 Karl Ziegler, Ujerumani, alitumia kichocheo cha metali, akapata polithini isiyo na matawi ila machache mno. Kaboni na haidrojeni ni zilezile, lakini ya kwanza ni laini na huyeyuka karibu nyuzijoto 110. Ya pili ni ngumu na hufika karibu 130. Kuni zilizonyooka hufungwa mzigo ukakaza, zenye matawi huacha mianya. Minyororo iliyonyooka hujipanga ikawa fuwele, na humo ndimo nguvu ilimo.

Chandarua cha Olyset, ambacho kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kukitengeneza mwaka 2003, ni cha polithini hiyo ngumu. Permethrini, dawa ya kuua wadudu, imechanganywa ndani ya uzi. Haiwezi kupenya fuwele, hivyo hukaa sehemu zilizolegea na kujitokeza polepole. (Uzi ambao wote ungekuwa fuwele usingeweza kubeba dawa hiyo ya mbu ndani yake.)

Katika maziwa ya Zambia vyandarua huishia pia kuvulia, na tundu zake ndogo hazibakizi hata vifaranga vya samaki. Wavu wa magome, ukiachwa majini, uliliwa na vijidudu ukaoza, ingawa selulosi nayo haina matawi. Polithini hawaiwezi kwa urahisi; adui yake mkubwa ni jua na oksijeni, ambavyo hushambulia kwa urahisi zaidi kaboni ya pale tawi linapochipuka. Uzi wa Ziegler una sehemu chache sana za namna hiyo.