Mipini miwili ya Harvard

Wandugu, leo niache mahindi kidogo, niongee ndeke.

Kwetu Katanga Fouga inajulikana, ile jeti iliyosumbua askari wa Umoja wa Mataifa mwezi wa 9, 1961. Harvard watu wanaisahau. Katanga ilizipata 1962: ndege za kufundishia marubani, motere moja ya Pratt & Whitney ya nguvu za farasi kama 600, na elise ya mapanga mawili. Zikafungwa silaha, zikawa za vita.

Rubani alikuwa na mipini miwili ya kuchunga sana: wa gazi na wa elise. Mimi mtu wa kilimo naielewa kwa jembe. Ukililaza, linachota udongo kidogo, mkono unaenda mbio. Ukilizamisha, linauma udongo mwingi, mkono unakuwa mzito. Elise vilevile. Wakati wa kuruka mapanga yanalala, motere inazunguka mbio na kutoa nguvu zote. Ukishafika juu unayageuza yaume hewa nyingi, mizunguko inashuka, mafuta yanaliwa kidogo.

Lakini kuna utaratibu. Kuongeza nguvu: elise kwanza, kisha gazi. Kupunguza: gazi kwanza, kisha elise. Ukigeuza, unasukuma motere huku umeifunga miguu. Inachemka, inaweza hata kupasuka.

Ajabu ni hii: mwaka 1944, vitani Pasifiki, Charles Lindbergh alifundisha marubani wa ndege za P-38 kushusha mizunguko na kupandisha shinikizo la hewa inayoingia kwenye motere, ila kwa kipimo. Wakafika mbali zaidi kwa mafuta yaleyale. Jambo moja linaua motere ao linaokoa rubani. Tofauti ni kipimo.

Sasa, mipini ya Harvard zetu ilishikwa na nani? Wengi wao walikuwa mamluki. Mwisho wa mwezi wa 12, 1962, jeti za Uswidi, chini ya Umoja wa Mataifa, zikapiga ndege za Katanga zikiwa chini, kule Kolwezi. Mwezi uliofuata Katanga ya kujitenga ikaisha. Mamluki wengi wakavuka Angola, ujuzi wakaenda nao.

Msimu uliopita, huku Pweto kando ya ziwa Mweru, tuliunguza motopompe ya kikundi chetu. Gazi mpaka mwisho, asubuhi mpaka jioni. Kitabu chake kilikuwa bado ndani ya plastiki. Mimi, mwenye lisansi ya kilimo, nilikuwa nimesimama palepale.

Wewe, mashine ya kazi yako, kipimo chake unakijua?