Makunyanzi ya kuzunguka mdomo

Makunyanzi ya kuzunguka mdomo ni mistari na mikunjo inayojitokeza katika ngozi iliyo juu ya mdomo, chini yake na kwenye pembe zake. Ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka, wala si ugonjwa. Hujitokeza mapema zaidi kwa watu wanaokaa sana juani, wanaovuta sigara au waliopoteza meno.

Makunyanzi hayo hayadhuru afya. Hata hivyo, baadhi ya vitu vinavyotumiwa kuyaondoa, au kuifanya ngozi ionekane changa, vinaweza kuacha madhara mabaya kuliko makunyanzi yenyewe. Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa watu wenye ngozi nyeusi, ambao ngozi yao huchelewa kukunjamana lakini huota alama nyeusi na makovu kwa urahisi zaidi ikijeruhiwa.

Aina

Madaktari wa ngozi hutofautisha aina tatu kuu:

- Mistari ya wima juu na chini ya midomo. Ni myembamba na huanzia kwenye ukingo wa mdomo. Rangi ya mdomo huweza kuingia ndani yake na kuifanya ionekane zaidi.
- Mikunjo ya kutoka puani hadi pembe za mdomo. Karibu kila mtu huwa nayo anapocheka. Kadiri umri unavyoongezeka hubaki hata uso ukiwa umetulia.
- Mikunjo ya kushuka kutoka pembe za mdomo kuelekea kidevuni. Hufanya uso uonekane wa huzuni au hasira hata kama mtu hana hisia hizo.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu kila aina ina chanzo chake, na tiba inayofaa aina moja huenda isifae nyingine.

Sababu

Ngozi ina tabaka la juu na tabaka la ndani. Uimara wake hutokana na protini za tabaka la ndani: kolajeni huipa nguvu, na elastini huiwezesha kurudi mahali pake baada ya kuvutwa. Mdomo umezungukwa na msuli wa mviringo unaofanya kazi mtu anapokula, kuongea, kupiga mluzi au kubusu. Kila msuli huo unapojikaza, ngozi iliyo juu yake hujikunja. Katika ujana ngozi hurudi kama ilivyokuwa, lakini protini hizo zikipungua, mkunjo hubaki.

Umri na homoni

Tangu mwanzo wa utu uzima kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Kwa wanawake kasi huongezeka baada ya ukomo wa hedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni hupungua. Utafiti wa madaktari wa Utrecht, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha pia kwamba ngozi ya wanawake karibu na mdomo ina tezi za mafuta, tezi za jasho na mishipa ya damu chache kuliko ya wanaume. Hiyo ni sababu mojawapo ya wanawake kupata mistari ya kina zaidi juu ya mdomo.

Jua

Mionzi ya urujuanimno ya jua ndiyo sababu kubwa kuliko zote kati ya zile zinazoweza kuepukwa. Mionzi ya aina ya A hupenya hadi tabaka la ndani na kuvunja kolajeni, hata ikipitia kioo cha dirisha. Mionzi ya aina ya B huunguza tabaka la juu.

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua lake ni kali mwaka mzima. Wakati wa adhuhuri, mbingu ikiwa wazi, kipimo cha mionzi hiyo hufika mara nyingi 11 au zaidi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) hukiita cha kupita kiasi. Wafanyabiashara wa mifugo katika mnada wa Pugu, waendesha bodaboda, mafundi ujenzi na wauza mboga wa barabarani hukaa juani saa nyingi kila siku, na nyuso zao hupokea mionzi mingi kuliko za wafanyakazi wa ofisini.

Rangi nyeusi ya ngozi, melanini, hupunguza madhara hayo. Utafiti wa mwaka 1979 ulikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina nguvu ya kukinga jua ya 13.4, ilhali la ngozi nyeupe lina 3.4 tu. Ndiyo maana makunyanzi ya jua huchelewa kwa Waafrika wengi. Ulinzi huo si kamili, na watu wenye ualbino hawana kinga hiyo kabisa.

Sigara

Moshi wa tumbaku hupunguza damu inayofika kwenye ngozi na huongeza vimeng'enya vinavyovunja kolajeni. Zaidi ya hayo, mvutaji hubana midomo kila anapovuta. Kwa sababu hiyo mistari ya wima juu ya mdomo huonekana mapema kwa wavutaji.

Meno na taya

Midomo hushikiliwa kwa ndani na meno pamoja na mfupa wa taya. Jino likitoka bila kuwekwa la bandia, mfupa uliolishikilia hupungua polepole. Mtu mwenye mapengo mengi ya mbele huona midomo ikiingia ndani na ngozi ikikunjamana kuizunguka. Kwake tiba ya kwanza inaweza kuwa kwa daktari wa meno, si kwa mtaalamu wa urembo.

Mkorogo

Katika miji ya Tanzania mkorogo ni mchanganyiko wa krimu, losheni na sabuni unaotumiwa kung'arisha ngozi. Mara nyingi huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Wengine huutumia wakitarajia ngozi laini na changa. Matokeo ya muda mrefu ni kinyume chake.

- Steroidi huzuia seli kutengeneza kolajeni. Ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huonekana, na makunyanzi huongezeka. Pia huleta vipele vyekundu kuzunguka mdomo, ambavyo huzidi mara krimu inapoachwa ghafla; kwa hiyo anayetaka kuiacha anahitaji kusimamiwa na daktari.
- Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta madoa ya rangi ya buluu na nyeusi ambayo ni vigumu kuyaondoa.
- Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kudhuru figo na neva. Inaweza kumdhuru pia mtoto aliye tumboni.
- Melanini ikipungua, ngozi hupoteza kinga yake dhidi ya jua.

Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini Tanzania. Usimamizi wake ulianza chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, ukiwa mikononi mwa mamlaka iliyojulikana kama TFDA. Mwaka 2019 jukumu la vipodozi lilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Krimu isiyo na orodha ya viambato, au iliyofungashwa upya kwenye kopo lisilo na lebo, haiwezi kujulikana usalama wake.

Udongo wa Pugu na vipodozi vya asili

Vilima vya Pugu, kati ya Dar es Salaam na Kisarawe, vina hazina kubwa ya kaolini, udongo mweupe laini. Mapango ya Pugu yalitokana na machimbo ya zamani ya udongo huo. Kaolini hutumika katika karatasi, vyombo vya kauri, rangi na vipodozi, zikiwemo barakoa za uso.

Kaolini ikipakwa na kuachwa ikauke, hufyonza mafuta na kuifanya ngozi ijihisi imekazwa. Hali hiyo hudumu kwa muda mfupi tu, kwa sababu udongo haufiki kwenye tabaka la ndani na hauongezi kolajeni. Tena, udongo uliochimbwa tu haujasafishwa: unaweza kuwa na mchanga wa kukwaruza au vijidudu.

Katika pwani ya Waswahili wanawake wametumia tangu zamani liwa na singo kusugua na kulainisha ngozi. Vipodozi hivyo huondoa seli zilizokufa na kuacha harufu nzuri, lakini navyo haviondoi mkunjo uliokwisha kujijenga.

Kinga

Kinga ina gharama ndogo kuliko tiba. Njia zenye ushahidi mzuri ni hizi:

- Kukaa kivulini inapowezekana, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na kuvaa kofia yenye ukingo mpana. Kofia ya kapelo hukinga paji la uso lakini huacha sehemu kubwa ya uso wa chini juani.
- Kupaka losheni ya kukinga jua yenye nguvu ya 30 au zaidi, pamoja na mafuta ya midomo yenye kinga. Katika mji wa Nambour, Australia, watu wazima zaidi ya 900 walifuatiliwa kwa miaka 4 na nusu; waliopaka losheni hiyo kila siku walionyesha dalili chache za kuzeeka kwa ngozi kuliko waliopaka walipojisikia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.
- Kutovuta sigara, au kuacha.
- Kutunza meno na kuziba mapengo mapema.
- Kulainisha ngozi kwa mafuta ya kawaida. Ngozi kavu huonyesha zaidi mistari midogo.

Tiba

Dawa za kupaka

Dawa yenye ushahidi wa muda mrefu zaidi ni tretinoini, inayotokana na vitamini A. Huchochea kolajeni mpya na hupunguza mistari midogo baada ya miezi kadhaa. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha krimu yake kwa makunyanzi madogo. Mwanzoni huweza kuwasha na kubandua ngozi, na muwasho ukizidi huacha alama nyeusi, hivyo huanzwa kidogo kidogo usiku. Haifai kutumiwa na mjamzito.

Sindano

Sumu ya botulinumu, ijulikanayo zaidi kwa jina la kibiashara Botox, hulegeza msuli kwa miezi michache. Karibu na mdomo hutumiwa kwa kiasi kidogo sana, maana ikizidi mtu hushindwa kunywa kwa mrija, kupiga mluzi au kutamka vizuri baadhi ya herufi.

Sindano za kujaza, hasa za asidi ya hyaluroni, hunyanyua mikunjo ya kina. Hudumu kwa kawaida miezi 6 hadi 12 au zaidi. Hatari yake kubwa ni dawa kuingia katika mshipa wa damu: ngozi huweza kufa, na mara chache mtu hupofuka. Mtoa huduma anapaswa kuwa na kimeng'enya cha kuyeyusha asidi hiyo papo hapo. Silikoni ya maji haifai kuchomwa usoni, kwani haiyeyuki na huweza kuleta vinundu na uvimbe hata miaka mingi baadaye.

Kuchubua, leza na upasuaji

Kemikali za kuchubua na leza huondoa au kujeruhi ngozi kwa kiasi kilichopimwa ili ijijenge upya. Ndizo zenye nguvu zaidi kwa mistari ya wima iliyozama. Kwa ngozi nyeusi ndizo pia zenye hatari zaidi ya kuacha madoa meusi, mabaka meupe au keloidi, yaani kovu linaloota na kuvimba. Kwa hiyo daktari huanza na nguvu ndogo na kujaribu sehemu ndogo kwanza, au huchagua njia nyingine kama kuchoma ngozi kwa visindano vidogo. Upasuaji wa kukaza uso hupunguza ngozi iliyolegea pembeni, lakini hauondoi mistari ya wima ya mdomo.

Hakuna kati ya tiba hizo inayosimamisha kuzeeka. Nyingi zinapaswa kurudiwa, na gharama hurudi kila mara.

Dalili za kumwona daktari

Mabadiliko mengine kuzunguka mdomo hufanana na makunyanzi au huonekana pamoja nayo, lakini ni dalili ya ugonjwa:

- Mkunjo wa upande mmoja kutoweka ghafla na pembe ya mdomo kushuka. Huenda ni kiharusi, na mgonjwa anatakiwa kufikishwa hospitali mara moja.
- Kidonda au gamba kwenye mdomo lisilopona kwa wiki kadhaa, hasa mdomo wa chini. Linaweza kuwa saratani au hali inayoitangulia. Watu wenye ualbino wana hatari kubwa zaidi.
- Pembe za mdomo kupasuka na kuuma. Mara nyingi ni maambukizi ya kuvu au upungufu wa madini ya chuma au vitamini B.
- Mistari ya wima pamoja na ngozi ngumu na mdomo usiofunguka vizuri. Huonekana katika ugonjwa wa sklerodema.

Huduma nchini Tanzania

Madaktari wa ngozi ni wachache kulingana na idadi ya watu, na wengi wako mijini. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992 katika eneo la hospitali ya KCMC, kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Hapo hutengenezwa pia losheni ya Kilisun, iliyoundwa kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili ina kliniki ya ngozi, na tawi lake la Mloganzila limeanza katika miaka ya karibuni kufanya upasuaji wa kurekebisha maumbo. Taasisi ya Saratani Ocean Road hutibu saratani, zikiwemo za ngozi. Mkazi wa Pugu, Temeke au Kinondoni anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kupewa rufaa. Sindano na leza za urembo zinapaswa kufanywa na daktari aliyesajiliwa, si saluni wala nyumbani.

Tazama pia

- Ngozi
- Kolajeni
- Ualbino
- Kaolini
- Vipodozi