Msindikizaji wa Mgonjwa: Historia Fupi ya Safari za Hospitali katika Meru na Embu



Ni desturi ya kijitabu hiki kutoa kwanza hesabu ya fedha, kisha habari za kazi za mwaka, na mwisho kurasa chache juu ya mambo yaliyopita, ili vijana wetu wajue njia walimopita wazee wao. Mwaka huu tumechagua jambo ambalo daftari letu la misaada lalitaja mara nyingi pasipo kulieleza. Maombi mengi huandikwa kwa maneno machache tu: nauli ya hospitali. Maneno hayo hayasemi ni nani atakayemshika mgonjwa mkono ashukapo garini, wala atalala wapi, wala nani atamfasiria maneno ya daktari. Twaona ni vema kuuliza jinsi watu wa pande zetu walivyoyatengeneza mambo hayo zamani, na kwa nini hata leo wako wanaosafiri peke yao.

Kabla ya serikali ya Waingereza kufika, mtu wa Meru aliyetoka kwao na kupita katika nchi ya watu wengine hakuwa mgeni mtupu. Palikuwa na gichiaro, yaani agano la udugu lililofunga sehemu moja ya Wameru na nyingine, kama vile ukoo na ukoo, au nchi na nchi. Mtu wa gichiaro alipobisha hodi, mwenye nyumba alipaswa kumpa chakula na mahali pa kulala, wala hakuruhusiwa kumdanganya. Aliyekataa aliogopa laana zaidi ya kuogopa maneno ya watu. Waembu na Wambeere nao walitegemea ukoo na rika. Mtu aliyetahiriwa pamoja nawe alikuwa na haki juu ya nyumba yako. Basi aliyekwenda mbali kumtafuta mganga mashuhuri alikuwa na mahali pa kupumzika njiani, na fadhili hiyo ilikuwa deni lililojulikana na pande zote mbili.

Hata hivyo tusiisifu zamani kupita kiasi. Agano hilo lilimfaa mwenye ukoo. Mtu aliyefukuzwa kwao, au mwanamke asiye na mume wala ndugu, hakuwa na mlango wa hakika wa kubisha. Jambo hilo tulikumbuke, kwa maana litarudi tena katika habari hii.

Boma la Embu lilianzishwa mwaka 1906, na la Meru mwaka 1908 chini ya Bwana E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi. Wamisionari walifuata. Wakatoliki wa Consolata walifika Meru mwaka 1911, na Wamethodisti wakaanza kazi Kaaga mwaka 1912. Mwaka 1922 Daktari Clive Irvine wa Misheni ya Kanisa la Scotland alihamia Chogoria, na kwa msaada wa fedha za mkwewe, Bwana Ernest Carr, ikasimama pale hospitali ambayo imewatibu watu wa Mwimbi, Muthambi, Chuka na Embu kwa vizazi kadhaa. Baadaye zikaja hospitali nyingine za misheni: Maua kwa watu wa Igembe, Nkubu kwa Imenti ya Kusini, na Kyeni upande wa Embu. Mabaraza ya Wenyeji, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1924, yalitumia sehemu ya kodi zao kujenga zahanati ndogo vijijini.

Kwa ujio wa hospitali safari ya mgonjwa iligeuka. Zamani mganga aliweza kuitwa aje nyumbani; sasa mgonjwa ndiye aliyepaswa kwenda. Nchi yetu, kama msomaji ajuavyo, imekatwa na mito mingi ishukayo kutoka Mlima Kenya: Thuci, Ruguti, Nithi, Mutonga, Thingithu na Kathita, kila mmoja katika bonde lake. Mgonjwa asiyeweza kutembea alichukuliwa kwa machela, nao wachukuzi walipokezana mabegani. Hakuna mtu awezaye kujichukua mwenyewe kwa machela. Kwa hiyo katika miaka ile kwenda hospitali ilikuwa kazi ya ukoo, na aliyefika alifika pamoja na watu wake. Hao walibaki karibu na hospitali, wakapika, wakafua, wakakesha usiku. Waliomtibu mgonjwa walikuwa daktari na wasaidizi wake, bali waliomtunza walikuwa watu wa nyumbani kwake.

Mambo yalizidi kuwa magumu ugonjwa ulipotaka dawa za Nairobi. Hospitali ya Wenyeji ya Nairobi ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952 iliitwa Hospitali ya King George VI. Reli ilikuwa imefika Thika mwaka 1913 na Nanyuki mwaka 1930, lakini haikupita Embu wala Meru yenyewe. Abiria alishuka au kupanda kwa miguu au kwa lori hadi kituoni. Alipofika mjini alikuta nyumba zilizopangwa kwa mfanyakazi mwanamume asiye na jamaa. Katika mitaa ya Waafrika mtu mara nyingi alikodi nafasi ya kitanda tu, si chumba. Na mgeni aliyeonekana usiku pasipo idhini aliweza kukamatwa. Mtu wa nyumbani alitaka kukupokea, lakini hakuwa na mahali pa kukulaza, hasa kama ulikuwa mwanamke.

Hapo ndipo vyama vya namna ya chama chetu vilipopata maana. Makarani, wapishi, wajenzi na askari waliotoka wilaya moja walichanga senti zao ili kuzika maiti wa kwao, kumsafirisha aliyekwama, na kumzuru mgonjwa wodini. Yamkini wengi wetu hukumbuka vyama hivyo kwa ajili ya mazishi tu. Lakini kumzuru aliye hai kulikuwa na faida kubwa zaidi. Mzee wa Tharaka aliyelazwa kati ya watu asioijua lugha yao alimhitaji mtu wa kumwambia, kwa lugha ya mamaye, daktari amesema nini. Gichiaro cha kale kilikuwa kimevaa nguo mpya: badala ya laana palikuwa na daftari la wanachama, na badala ya ukoo palikuwa na wilaya.

Kisha likaja pigo. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakafungwa pamoja katika amri zake. Palikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, vijiji vya kulazimishwa vilivyozungushiwa mahandaki, na vitabu vya pasi ambavyo mtu wa makabila haya matatu alilazimika kuvichukua. Kutoka wilaya moja kwenda nyingine kulitaka idhini ya maandishi. Fikirini maana yake kwa mgonjwa: homa haingojei muhuri wa afisa, wala uchungu wa uzazi hauijui saa ya kufungwa lango. Tena idhini ya mgonjwa haikuwa idhini ya msindikizaji wake. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizunguka Nairobi katika msako ulioitwa Anvil, na zaidi ya watu 20,000 wakawekwa kizuizini. Miongoni mwao walikuwamo watu wale wale ambao mgonjwa kutoka bara angaliwatafuta: mwenye kitanda cha kuazima, mwenye kujua njia ya hospitali, mweka hazina wa mchango. Twasoma mara nyingi jinsi hali ya hatari ilivyovunja siasa na mashamba. Hatuna budi kuandika pia kwamba ilivunja upokezi wa wagonjwa. Hali hiyo iliondolewa rasmi Januari 1960.

Uhuru ulileta mengi mema. Mwaka 1964 ile hospitali kuu ya Nairobi ilipewa jina la Kenyatta. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada katika matibabu ya wagonjwa wa nje, na mwaka 1966 ikaundwa Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali. Embu, iliyofanywa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, ilipata hospitali ya mkoa, na Meru nayo ikakuzwa. Barabara ya lami kati ya Embu na Meru ilifupisha safari iliyokuwa ya siku nzima. Lakini wepesi huo ulileta jambo ambalo watu hawakulitazamia: mgonjwa aliweza sasa kupanda gari peke yake. Machela iliwahitaji watu wengi, bali matatu huhitaji nauli tu. Kwa kuwa aliweza kwenda peke yake, jamaa zake walianza kudhani kwamba hahitaji mtu. Mwezi wa Desemba 1989 ada zilipoanza kutozwa tena hospitalini, nauli ya mtu wa pili ilikuwa ya kwanza kukatwa katika hesabu ya nyumba.

Ugonjwa nao umebadilika. Zamani mtu alikwenda Nairobi mara moja, akapona au akafa. Siku hizi mwenye saratani, au figo iliyoharibika, huitwa tena na tena. Matibabu ya mionzi hutolewa kwa kawaida siku tano za juma kwa majuma kadhaa. Na kwa miaka mingi Hospitali ya Kenyatta ilikuwa ndiyo hospitali ya umma ya pekee nchini iliyoyatoa. Mtu wa Maua hawezi kwenda na kurudi kila siku. Hana budi kupata pa kulala Nairobi, naye hutoka katika mionzi akiwa hoi, amepoteza hamu ya chakula. Njia yenyewe si salama: Julai 2022 basi lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha.

Tangu Oktoba 2024 bima ile ya zamani imeacha nafasi yake kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Hatuandiki hapa kuisifu wala kuilaumu. Twasema tu kwamba bima, ya kale na ya sasa, hulipia kitanda, dawa na upasuaji, bali haimlipii jirani apandaye gari pamoja na mgonjwa. Kazi hiyo iliachiwa ukoo, ikaachiwa misheni, ikaachiwa vyama, na ingali imeachwa hapo.

Tukiyapima hayo yote, twaona kwamba msindikizaji amekuwa na kazi nne katika kila zama. Ni miguu ya mgonjwa, kwa kumfikisha na kumrudisha. Ni ulimi wake, kwa kufasiri na kuuliza asiyothubutu kuuliza. Ni kumbukumbu yake, kwa maana mtu mwenye hofu husahau nusu ya aliyoambiwa. Tena ni shahidi wake, kwa kuwa anayejulikana kuwa na mtu wake husikilizwa upesi kuliko aliye peke yake. Fedha zitumwazo kwa simu, nasi twazishukuru tangu huduma hiyo ianze nchini mwaka 2007, hufanya kazi ya miguu tu. Tatu zilizobaki hutaka mtu.

Historia hutuonyesha pia waliosahauliwa. Gichiaro kilimwacha asiye na ukoo. Vyama vya mjini vilimwacha asiye na mwanachama nyumbani mwake. Leo wasahauliwao ni mjane ambaye wana wake wako mbali, mzee asiyejua kusoma mabango ya hospitali, na kijana mwenye ugonjwa anaouonea haya. Hao ndio wanaosafiri peke yao, nao ndio wasioandika maombi kwa chama.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu mambo matatu yajadiliwe katika mkutano mkuu. Kwanza, kila tawi liwe na orodha ya wanachama walio tayari kumpokea mgonjwa kituoni na kumfikisha hospitali, hapo Embu, Meru, Chogoria na Nairobi, hata kama mgonjwa si mwanachama. Pili, msaada wa nauli uhesabiwe kwa watu wawili, isipokuwa mgonjwa mwenyewe akitaka kwenda peke yake. Na akitaka hivyo, siri yake iheshimiwe. Tatu, mgonjwa achukue karatasi moja yenye jina la ugonjwa kama alivyoandika daktari, dawa anazotumia, na nambari ya simu ya mtu wake, ili akizidiwa njiani asiwe mtu asiyejulikana.

Mambo hayo si makubwa, wala hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu mmoja aamke mapema, asimame kituoni, na kumngoja asiyemfahamu. Wazee wetu walilifanya kwa kuogopa laana; waliotutangulia mjini walilifanya kwa kupendana na watu wa kwao. Sisi tuna njia nzuri kuliko zao, na simu mikononi. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao waliosema hivyo walijua kwamba mkono wa mgonjwa hauna nguvu hata ya kidole kimoja.

Twawatakia wanachama wote afya njema, na wagonjwa wetu safari ya heri, ya kwenda na ya kurudi.

Karani, kwa niaba ya Halmashauri