Oleanda ya chunguni yahitaji jua na tahadhari

OLEANDA, kichaka chenye maua mekundu, meupe au ya waridi, huvumilia ukame, hivyo hufaa nyua za Kitengela na Kajiado. Hata hivyo, kila sehemu yake ina sumu inayodhuru moyo wa binadamu na wa mnyama. Ni wa jamii moja na msunguti, mti ambao sumu yake ilipakwa mishale tangu jadi.

Chungu kiwe na matundu chini na kiwekwe penye jua. Udongo mweusi wa Kitengela hutuamisha maji, kwa hiyo uchanganye na mchanga na samadi iliyooza.

Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, mwagilia kila udongo wa juu unapokauka. Masika yakianza Machi, ongeza samadi kidogo. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, punguza maji. Mvua za vuli zinaporejea Oktoba, hamishia mmea uliobanwa mizizi katika chungu kikubwa zaidi.

Pogoa maua yanapokwisha, ukiwa umevaa glavu. Matawi yaliyokatwa ndiyo yenye hatari kubwa, kwani majani hubaki na sumu hata yakikauka, na ng'ombe au mbuzi apitaye huweza kuyala. Usiyatupe kando ya barabara wala kuyafanya kuni, maana moshi wake pia hudhuru, yafukie shimoni.

Mtoto akitafuna jani, apelekwe hospitalini mara moja.